KUTELEZA SI KUANGUKA: SHARTI LA MKOPO LIFUNGE PANDE ZOTE MBILI

Kila yanapotoka matokeo ya mitihani ya vyuo vikuu, mazungumzo ya mabarazani mwetu, mjini na mashamba, Unguja na Pemba, hurejea kwenye jambo moja. Nalo ni lile sharti linalomtaka mwanafunzi anayesomeshwa kwa mkopo wa Serikali afaulu na kupanda kutoka mwaka mmoja kwenda mwingine, ndipo aendelee kupewa fedha. Wazazi ambao watoto wao wamekwama husema kuwa sharti hilo ni la kikatili. Maofisa wanaolisimamia husema kuwa sheria ni sheria, na kwamba fedha za umma hazichezewi. Kila upande huzungumza kwa uchungu, na kila upande una sehemu yake ya haki.

Sisi tunaliunga mkono sharti hilo. Tunalisema hilo waziwazi tangu mwanzo ili asije mtu akatuelewa vingine. Lakini tunaamini kuwa sharti nalo lina masharti yake. La kwanza ni kwamba lazima limtenganishe aliyeteleza na aliyelala. La pili ni kwamba lazima lifunge pande zote mbili: limfunge mwanafunzi anayepokea, na liwafunge vilevile wale wanaotoa, wanaofundisha na wanaopeleka matokeo. Sharti linalomfunga mnyonge peke yake haliwezi kuitwa nidhamu.

Tuanze na asili ya fedha zenyewe, maana anayesahau zilikotoka hawezi kujua thamani yake. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitangaza kuwa elimu itatolewa bila ya malipo. Tangazo hilo lilivunja ukuta uliokuwa umewagawa watoto wa visiwa hivi kwa kabila zao, kwa mali za wazee wao na kwa mahali walipozaliwa. Mtoto wa mkwezi wa minazi na mtoto wa mchumaji wa karafuu walikaa katika darasa moja na mtoto wa karani. Waliokwenda vyuo vikuu wakati huo walikuwa wachache, na Serikali iliwagharamia.

Idadi ya wanafunzi ikakua, uchumi wa miaka ya 1980 ukabana, na Tanzania, kama nchi nyingi za Afrika, ikaingia katika utaratibu wa kuchangia gharama za elimu ya juu. Kutokana na mabadiliko hayo, Bunge lilipitisha Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaanza kazi mwaka 2005. Hapa Zanzibar, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2011. Kwa kuwa elimu ya juu ni miongoni mwa mambo ya Muungano, kijana wa kisiwani anaweza kukuta njia yake kwenye Bodi moja au nyingine. Hesabu ya zote mbili ni moja: aliyesoma jana analipa ili kijana wa leo asome.

Basi hizo si fedha za Bodi, wala si fedha za waziri, wala si zawadi. Ni kodi ya mvuvi anayenunua mafuta ya mashine, ni kodi ya mama wa mwani wa Paje na Jambiani anayenunua sabuni dukani, ni jasho la mkulima wa karafuu wa Wete na Mkoani. Ni makato ya mwalimu na muuguzi waliomaliza chuo, ambao Bodi ya Muungano huwakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi tangu sheria ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016. Nyuma ya kila anayepewa mkopo yupo mwingine aliyeomba akakosa, naye amekaa nyumbani kwao na cheti chake akingojea mwaka mwingine. Kiti anachokalia mwanafunzi mzembe kimenyimwa mwenziwe.

Mwaka 1964, alipokuwa akiliwasilisha Bungeni Mpango wa kwanza wa Miaka Mitano, Mwalimu Julius Nyerere aliwafananisha wanaosomeshwa na umma na mtu wa kijiji chenye njaa, ambaye wenziwe wamempa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea msaada. Akikila chakula kile asirudi na kitu, huyo amewasaliti. Mfano huo ungali na nguvu zake. Na sisi tungependa kuuendeleza kidogo. Wanakijiji wenye busara hawamfungii mtu safari, wakampa chakula, kisha wakaingia ndani na kufunga milango. Humuuliza njiani amefika wapi. Wakisikia ameumia mguu, humpelekea bakora na dawa, kwa kuwa chakula walichompa kimo tumboni mwake. Wakisikia amekaa chini ya mwembe anacheza bao, hapo ndipo humnyang'anya mzigo wakampa mwingine. Hayo mawili hayafanani, na mtu wa haki hawezi kuyahukumu kwa hukumu moja.

Hebu sasa tuangalie sharti lenyewe linavyofanya kazi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akifanya mitihani, chuo hupeleka matokeo yake kwenye Bodi. Akiwa amefaulu kiasi cha kumwezesha kupanda, fedha za mwaka wa pili hutolewa. Akiwa hakufaulu, mambo huwa mawili. Ama chuo humwachisha masomo, na hapo mkopo umekwisha. Ama humruhusu kurudia mwaka au kubeba masomo aliyoshindwa, na huyu anayerudia mwaka kwa kawaida hujikuta ana mwaka mzima usiokuwa na fedha. Vijana wana maneno yao kwa mambo haya. Mtihani wa marudio wanauita "sapu", kuachishwa masomo wanakuita "kudisko", na fedha za kujikimu wanaziita "bumu". Wazee huyacheka maneno hayo, lakini ndani yake mna maisha ya watu. Na wengi hawajui kuwa anayeachishwa haachiwi deni lake. Hurudi kwao bila ya shahada, bila ya kazi, na jina lake limo katika daftari la wadaiwa.

Jambo hili halipo kwetu tu. Nchi nyingi zinazowasomesha vijana wao kwa fedha za umma zimelazimika kulikabili, na hapana ubaya kutazama wenzetu wamefanya nini. Hatusemi tuige, maana kila nchi na hali yake.

Nchini Marekani, ambako Serikali Kuu huwasaidia wanafunzi chini ya Sheria ya Elimu ya Juu ya mwaka 1965, mwanafunzi hupimwa kwa vipimo vitatu. Cha kwanza ni alama: kwa kozi inayozidi miaka 2, ifikapo mwisho wa mwaka wa pili mwanafunzi awe na wastani wa daraja la C au unaolingana nalo, au awe katika hali inayomwezesha kuhitimu kwa masharti ya chuo chake. Cha pili ni mwendo: katika masomo yote aliyojiandikisha, amefaulu sehemu gani? Cha tatu ni muda: msaada hauvuki asilimia 150 ya urefu wa kozi. Kozi ikiwa ni ya krediti 120, mwanafunzi hasaidiwi kupita krediti 180 za masomo aliyojaribu, na ndiyo sababu vyuo vingi huko humtaka afaulu walau asilimia 67 ya kila anachojiandikisha, yaani theluthi mbili.

Ukiyasikia hayo utadhani ni magumu kuliko ya kwetu. Lakini tazama kinachofuata. Chuo kinachopima kila muhula kinaruhusiwa kumpa aliyeshuka onyo la muhula mmoja, na katika muhula huo fedha zake haziguswi. Akishindwa tena ana haki ya kukata rufaa, ikiwa chuo chake kina utaratibu huo. Anaweza kueleza kuwa amefiwa na jamaa yake, ameumia, ameugua, au amepatwa na jambo jingine zito, na aeleze pia kipi kimebadilika ili aweze kufaulu safari hii. Rufaa yake ikikubaliwa, huwekwa chini ya uangalizi, na chuo kinaweza kumwandikia mpango wa masomo ambao lazima aufuate hatua kwa hatua. Utaratibu huo nao una kasoro zake, maana rufaa humfaa zaidi yule anayejua kuandika barua na kuzungumza na maofisa. Hata hivyo msingi wake ni sahihi: onyo hutangulia adhabu, na mtu husikilizwa kabla ya kuhukumiwa.

Huko Ujerumani, msaada wa wanafunzi unaojulikana kwa jina la BAföG huendelea kuanzia muhula wa 5 baada ya mwanafunzi kuonyesha uthibitisho wa maendeleo yake. Aliyecheleweshwa na ugonjwa, ujauzito au malezi ya mtoto husogezewa tarehe. Afrika Kusini, mfuko wa taifa wa kuwasaidia wanafunzi humhesabia mwanafunzi wa chuo kikuu muda wa kozi yake na mwaka mmoja juu yake, kwa kutambua kuwa mtoto wa maskini aliyetoka katika skuli dhaifu hawezi kila mara kukimbia sawasawa na mtoto wa tajiri.

Wala hatuna haja ya kusafiri mbali kuipata busara hii. Sisi tuliopita chuoni, katika vyuo vya Kurani vya mitaani kwetu, tunaijua vizuri. Mwalimu hampandishi mwanafunzi sura ya pili kabla hajaihifadhi ya kwanza. Katika hilo hana huruma, na hapana mzazi anayemlaumu. Lakini aliyekwama hamfukuzi. Humrudisha nyuma aya mbili tatu, akamkalisha karibu na mwenziwe aliyetangulia, na kesho yake akamsikiliza tena. Anayefukuzwa ni mtoro na mkaidi, tena baada ya kuitwa mzazi wake. Kipimo ni kikali, na mlango uko wazi. Hivi viwili vinakaa pamoja bila ya kugombana, na vizazi kwa vizazi vimesoma namna hiyo.

Turudi kwa wanafunzi wetu wanaoanguka. Tukiwatazama kwa haki tutaona kuwa wapo wa namna tatu.

Wa kwanza ni mzembe. Huyu amepewa fedha za chakula akazifanyia simu na nguo. Haonekani darasani ila siku ya kusaini, na usiku wa kuamkia mtihani ndipo anapotafuta madaftari ya wenziwe. Kwa huyu hatuna la kumtetea. Tena tunasema kuwa wazazi wanaobisha hodi katika nyumba za wakubwa usiku kumwombea mtoto wa aina hii wanamdhulumu mtoto wa jirani. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

Wa pili ni aliyepatwa na msiba. Ni msichana wa Micheweni anayesoma Dodoma, ambaye wiki mbili kabla ya mitihani amepata habari kuwa baba yake hayupo tena. Akapanda basi, akapanda boti, akazika, akakaa na mama yake na wadogo zake, na aliporudi mitihani ilikuwa imeshafanywa nusu. Ni kijana aliyelazwa hospitali. Ni mama mchanga aliyejifungua katikati ya muhula. Vyuo vina utaratibu wa kuahirisha masomo kwa sababu kama hizi, na utaratibu huo ni mzuri. Lakini mara ngapi tumeona mwanafunzi asiyeujua mpaka umeshampita? Aliyekuwa amekaa matangani hakuwa na akili ya kutafuta fomu.

Wa tatu, na pengine ndio wengi zaidi, ni yule aliyefika chuoni akiwa na nguvu pungufu. Amesoma sayansi katika skuli isiyo na maabara ya kutosha. Amefaulu kwa kukariri maelezo ya Kiingereza ambacho hakukizungumza popote nje ya darasa, na sasa amekaa katika ukumbi wenye mamia ya wanafunzi mbele ya mhadhiri anayekwenda mbio. Si mvivu, wala si mjinga. Anahitaji muhula mmoja au miwili ya kuzoea maji. Tukimkata katika mwaka wa kwanza tutakuwa tumemwadhibu yeye kwa upungufu wa skuli ambazo tumezijenga sisi, na vifaa ambavyo hatukuvipeleka sisi.

Sharti lililopo huwaona hawa watatu kuwa ni mtu mmoja. Karatasi ya matokeo haiandiki sababu. Huandika alama tu.

Hapa sasa tufike kwenye upande wa pili wa mkataba, ambao hauzungumzwi sana. Mwanafunzi ametakiwa asichelewe. Je, fedha zenyewe huwa hazichelewi? Kijana aliyepangiwa kujikimu kwa shilingi 10,000 kwa siku, kiwango ambacho kimetumika kwa mikopo ya Bodi ya Muungano tangu mwaka wa masomo 2022/2023 badala ya shilingi 8,500 za awali, hana akiba ya kungojea. Fedha zikichelewa wiki tatu, basi wiki tatu hizo anakopa kwa mama lishe, anashindia mkate na chai, anatembea kwa miguu kutoka anakopanga, na jioni yupo mjini anatafuta kibarua badala ya kuwa maktaba. Mtihani wa majaribio haumngojei. Alama alizozipoteza katika wiki zile hazirudi fedha zinapofika. Kisha mwisho wa mwaka anaambiwa kuwa hakuonyesha maendeleo.

Na mara nyingi chanzo cha ucheleweshaji huo si ukosefu wa fedha hata kidogo. Ni karatasi. Bodi haiwezi kuidhinisha fedha za mwaka wa pili kabla ya chuo kupeleka matokeo ya mwaka wa kwanza. Mhadhiri akichelewa kusahihisha, idara ikichelewa kukaa kikao, ofisa akikosea namba ya mwanafunzi, anayelala na njaa ni yule aliyefaulu. Mwanafunzi akichelewesha kazi yake kwa siku moja hupunguziwa alama. Ofisa akichelewesha kazi yake kwa mwezi mzima, nani humpunguzia nini? Huo ndio urasimu tuliouapia kuupiga vita tangu siku za Mapinduzi, na hatuoni sababu ya kuufumbia macho unapowaumiza watoto wetu.

Wapo watakaotujibu kuwa huruma hugharimu, na kwamba kila shilingi anayopewa anayerudia mwaka imetolewa mdomoni mwa mwombaji mpya. Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Basi na tuifanyie hesabu. Chukua kozi ya miaka 3, na mwaka wa masomo tuukadirie kuwa siku 240. Kwa shilingi 10,000 kwa siku, chakula na malazi pekee ni shilingi 2,400,000 kwa mwaka. Mwanafunzi aliyekwama mwishoni mwa mwaka wa pili ameshapewa shilingi 4,800,000, mbali ya ada. Tukimkata hapo, tumeokoa shilingi 2,400,000 za mwaka wa kurudia, na tumeziweka hatarini shilingi 4,800,000 tulizokwisha kuzitoa. Maana tutazikata kutoka mshahara gani? Mtu asiye na shahada wala ajira hana mshahara wa kukatwa asilimia 15. Lakini tukimsaidia akarudia mwaka wake na kumaliza, atakuwa mwalimu, mhandisi au mhasibu, na deni lake lote, pamoja na la mwaka ule wa ziada, litarudi mfukoni kumsomesha mwingine. Dawa ya deni ni kulipa, na anayelipa ni yule aliyesaidiwa kufika mahali pa kulipa.

Ni kweli kuwa hesabu hiyo haimhusu mzembe. Ukimwongezea mzembe mwaka umeongeza hasara juu ya hasara. Ndiyo maana tunasisitiza kuwatenganisha, na kuwatenganisha ni kazi. Inahitaji watu wa kukaa, kusoma na kusikiliza. Ni rahisi zaidi kuiachia mashine isome alama na ifute majina. Lakini Serikali ya wananchi haikuwekwa ili ifanye lililo rahisi.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa Wizara, kwa Bodi zote mbili na kwa vyuo vyetu mambo yafuatayo.

Kwanza, onyo litangulie. Mwanafunzi asingojee matokeo ya mwisho wa mwaka ndipo ajue kuwa anazama. Mitihani ya majaribio ya muhula wa kwanza inatosha kumwonyesha mshauri wake kuwa mambo si mazuri. Aitwe, aambiwe kwa maandishi, na apangiwe msaada. Aliyeonywa akapuuza amejihukumu mwenyewe.

Pili, iwepo rufaa ya kweli, yenye tarehe ya kupokelewa na tarehe ya kujibiwa. Aliyefiwa alete uthibitisho wa Sheha wa shehia yake, na aliyeugua alete wa hospitali. Hapa tunawaonya masheha na waganga mapema. Barua ya uongo iliyoandikwa kwa ujamaa au kwa bahasha ni wizi wa mali ya umma, na anayeiandika ashtakiwe pamoja na anayeitumia. Mlango wa huruma ukigeuzwa kuwa mlango wa magendo, watakaofungiwa nje ni wenye shida ya kweli.

Tatu, nafasi hiyo iwe na mpaka. Mwaka mmoja wa ziada katika maisha yote ya kozi, mara moja tu, tena kwa mpango wa masomo uliotiwa saini na mwanafunzi, mshauri wake na mzazi. Akiukiuka, basi. Huruma isiyo na mpaka huwafundisha watu kutojali.

Nne, saa iwekwe kwa pande zote. Kama mwanafunzi ana tarehe ya kukamilisha masomo yake, chuo kiwe na tarehe ya kupeleka matokeo na Bodi iwe na tarehe ya kutoa fedha, na tarehe hizo zitangazwe magazetini na redioni mwanzoni mwa mwaka. Ikithibitika kuwa fedha zilichelewa bila ya kosa la mwanafunzi, jambo hilo lihesabiwe katika rufaa yake kama unavyohesabiwa ugonjwa. Na ofisa aliyezembea atajwe katika taarifa ya idara yake.

Tano, masharti yote yaandikwe kwa Kiswahili fasaha, katika karatasi moja au mbili, na yasomwe mbele ya wanafunzi wapya na wazazi wao kabla ya mtu kutia saini. Mkataba wa mamilioni ya shilingi unaotiwa saini na kijana wa miaka 19 ambaye hakuuelewa hauipi heshima Serikali. Ajue nini kitamkosesha fedha, ajue namna ya kuahirisha masomo, ajue kuwa akiachishwa bado anadaiwa.

Hakuna katika haya linalohitaji jengo jipya wala mkopo kutoka nje. Mengi yanahitaji karatasi, kalenda na watu wanaotimiza wajibu wao.

Nanyi vijana, msidhani kuwa tumeandika haya ili mpate pa kujificha. Tumesema sharti lifunge pande zote mbili, na upande wenu ndio wa kwanza. Aliyekutangulieni alisoma kwa taa ya kandili, akavuka bahari kwa jahazi, akarudi kuwafundisha baba zenu. Ninyi mnaokaa Tunguu, Dar es Salaam na Dodoma mmebeba chakula cha kijiji. Mkiona mambo yamekuwa magumu, semeni mapema. Mwendeeni mwalimu, mwendeeni mshauri, waelezeni wazazi wenu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Anayenyamaza kwa aibu mpaka matokeo yakatoka amejifungia mwenyewe mlango ambao sisi tunataka ubaki wazi.

Na ninyi wazazi, kumpeleka mtoto chuo kikuu si kumfikisha bandarini na kumpungia mkono. Mpigieni simu mumuulize masomo, msimuulize tu kama bumu limetoka. Msimwite nyumbani kila harusi na kila khitima wakati wa mitihani. Na linapotokea zito la kweli, mwambieni na chuo pia, ili awepo anayejua.

Kwa viongozi wenzetu wa Chama na Serikali, neno letu ni moja. Visiwa hivi havina dhahabu wala almasi. Hazina yetu kubwa ni vichwa vya watoto wetu, na kila kijana aliyeachwa njiani baada ya kusomeshwa nusu ni hazina iliyozama karibu na ufuo. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Tuwe wakali kwa aliyejiangusha. Aliyeteleza tumpe mkono ainuke, kisha tumdai amalize safari aliyotumwa. Vikao vya Bodi na mabaraza ya vyuo vikae kabla ya muhula ujao kuanza, yaamuliwe haya, na wananchi waambiwe yaliyoamuliwa.